Mgonjwa Pekee wa Lukozi

Athumani wa Lukozi alikuwa na afya ya kuudhi watu. Ujana ulikuwa umeshampita, mkewe wa kwanza alikuwa amefariki zamani, na bado alipanda mlima na gunia la kabichi begani huku akipiga mluzi, wakati wenzake wa rika lake walisimama kila kona wakijifanya wanatazama mashamba ya ng'ambo. Meno yake yote yalikuwepo. Kitu pekee kilichompungua mwilini ni ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, nayo aliikata kwa panga lake mwenyewe, siku aliyokuwa akitazama msichana badala ya kutazama kuni.

Kwa hiyo kijiji kikampa kazi ya kuumwa.

Kutoka Lukozi kwenda hospitali Lushoto si kutoka jikoni kwenda barazani. Watu walikuwa na mashamba, mbuzi, watoto, na juu ya hayo kazi ya lazima ya kulima matuta ya serikali, ambayo ukiikimbia unashtakiwa. Nani angepoteza siku nzima kwa ajili ya kikohozi? Athumani ndiye aliyeshuka kila siku ya soko na lori la mboga, akiuza kabichi na karoti za majirani. Watu wakaona kwamba anayeweza kuuza kabichi za wote anaweza pia kuleta dawa za wote.

Tatizo ni kwamba hospitali si duka. Mara ya kwanza Athumani alifika kwenye dirisha la dawa akasema ametumwa na jirani yake Yohane, ambaye anakohoa. Akajibiwa kwamba Yohane aje mwenyewe na kifua chake. Yohane akaenda, akarudi na dawa ya kifua na magoti yaliyovimba kwa mteremko, akaapa kwamba safari nyingine atashuka akiwa amebebwa. Soko lililofuata Athumani hakusema ametumwa. Alifika dirishani akakohoa. Akapewa chupa.

Tangu hapo, jioni ya kuamkia soko watu walijaa barazani kwake kumfundisha maradhi yao, na walikuwa wakali kuliko walimu wa chuoni.

"Sivyo, mgosi," Yohane alimwambia, kama wanaume wa Kishambaa wanavyoitana. "Unakohoa kama mtu aliyepaliwa na ugali. Changu kinaanzia huku chini, kinapanda, kikifika hapa kooni kinasita kidogo, halafu kinatoka na mluzi. Rudia."

Athumani akarudia mpaka mluzi ukatoka.

Mama Dorkasi, mjane mzee wa Kilutheri aliyekaa jirani na kanisa, alimfundisha macho yake mabovu. "Usimtazame mtu, mwanangu. Tazama pale alipokuwa amesimama kabla hajasogea." Somo hilo lilimwingia Athumani vizuri mno. Siku moja muuguzi alimwonea huruma akamshika mkono na kumtoa nje polepole, akampakia kwenye lori kama yai, na watu wote wa soko wakishuhudia. Hezekia naye alimwazima kuchechemea kwake, kwa sharti kwamba asikuzidishe, maana hakutaka dunia ione ana mguu mbaya kuliko alio nao.

Ili asichoshe macho ya watu, Athumani aliyagawa maradhi sehemu mbili. Vifua na matumbo aliyapeleka hospitali ya serikali mjini. Macho, miguu na mengineyo aliyashusha kwenye zahanati ya misheni, mahali ambapo lori lilisimama kupakia mapeasi. Kila upande ukamfungulia kadi: Athumani bin Saidi, Mshambaa, mkulima, Lukozi, kidole cha mwisho cha kushoto hakina ncha. Hakuchukua malipo ya mtu. Sifa alichukua, tena bila haya, na mtu akimshukuru, "hongea, mgosi, macho yangu leo umeyaumwa vizuri", alilala amefurahi.

Lakini kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuufanyia mazoezi.

Mwanamisi alikuwa mjane wa upande wa chini wa kijiji. Mumewe alikuwa mtu mpole aliyeficha ugonjwa wa moyo kama watu wengine wanavyoficha deni, mpaka siku alipoanguka katikati ya njegere na hakuinuka tena. Alipotoka eda, Mwanamisi alikuja mchana mmoja akasimama kwenye ua wa Athumani, akawa anazitazama kabichi.

"Silali," aliziambia kabichi. "Chakula hakishuki. Mlango ukigongwa tu, moyo unanikimbia."

"Kwa nini usiende kwa kaka yako?" Athumani aliuliza. Kaka yake Mwanamisi, Hassani, alikuwa dresa katika hospitali ya mjini, mkuu wa wodi ya wanaume, mtu wa koti jeupe.

"Huyo alilia msibani kuliko sisi wanawake. Nikimwambia na mimi moyo, atakufa kabla yangu. Usimwambie yeye. Usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu."

Siku ya soko Athumani alifika misheni akasema halali, chakula hakishuki, mlango ukigongwa moyo unakimbia. Aliposema hivyo sauti ikamkatika yenyewe, jambo lililomshangaza sana. Alipewa dawa ya maji, chungu kama shubiri. Akamletea, na akaendelea kumletea, hadi siku Mwanamisi aliposimama tena pale uani, safari hii akimtazama yeye na siyo kabichi, akasema, "Sasa nalala." Usiku huo Athumani ndiye aliyekodoa macho hadi alfajiri. Alikuwa amempenda, na hakukuwa na dirisha la kwenda kukohoa kwa ajili ya hilo.

Haukupita muda Hassani akamchukua dada yake akakae kwake mjini. Athumani akamtuma Yohane kuwa mshenga. Hassani alimpokea Yohane vizuri, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akamsikiliza.

"Mali siangalii, Yohane. Ukoo wake naujua," alisema. "Mimi naangalia mwili. Na katika mwili naangalia moyo. Sitaki dada yangu akae eda mara ya pili."

"Athumani? Chuma!" Yohane alisema, kisha akashikwa na kikohozi chake, kikaanzia chini, kikapanda, kikasita, kikatoka na mluzi. "Samahani. Chuma kabisa."

"Basi na aje mwenyewe soko lijalo, tumalize."

Athumani aliposikia alicheka peke yake njiani kama mwehu. Kama kulikuwa na mtihani mmoja duniani ambao angeufaulu, ulikuwa huo.

Hakujua kwamba hospitalini kulikuwa na daktari mgeni kutoka Uingereza, kijana mwenye haraka, aliyegundua kwamba watu wanachomwa sindano mjini, kisha wanakwenda misheni kuchomwa tena hiyohiyo, wakiamini kwamba mbili ni bora kuliko moja. Alikuwa ameomba kadi za misheni ziletwe, na kila mtu awekewe kadi zake zote katika bahasha moja. Kazi hiyo alimpa Hassani, kwa kuwa Hassani alijulikana kwa uangalifu. Akina Athumani wapo wengi milimani, na Hassani hakuliamini jina. Alitaka jina, baba, kijiji, kazi, na alama ya mwilini, vyote vilingane, ndipo alipofunga bahasha. Hakuna mtu ambaye Hassani alimfunga bahasha moja na mwingine.

Ukutani kwa Daktari ilining'inia ramani ya wilaya, na kila mgonjwa wa mwaka huo alikuwa pini. Milima ilikuwa imechomwachomwa, isipokuwa Lukozi. Hapo palikuwa na pini moja tu. Daktari aliipenda sana Lukozi. Alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake kwamba hewa ya kule ni ya ajabu, na kwamba si lazima kufikiria kujenga zahanati huko.

Siku Hassani alipofungua kadi mbili za Athumani bin Saidi wa Lukozi, mkulima asiye na ncha ya kidole, kila kitu kililingana. Alifurahi, kwa sababu ilikuwa kazi safi. Kisha akasoma magonjwa. Akatafuta kiti.

Siku ya soko Athumani alifika nyumbani kwa Hassani amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amebeba koliflawa kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Alipobisha, aliyefungua ni Hassani mwenyewe, macho mekundu.

"Ndugu yangu," Hassani alisema, akaushika mkono wake wa kushoto, akakitazama kile kidole, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu! Unatembeaje?"

"Kwa miguu," Athumani alijibu.

"Ungesema mapema. Sikuchukii. Lakini dada yangu, hapana. Siwezi. Na wewe hurudi Lukozi leo. Unakwenda wodini, Daktari akutazame kabla hujatuangukia hapa mlangoni."

Athumani akaelewa palepale kwamba kadi zake mbili zimekutana. Aseme nini? Akisema ukweli, kesho dirisha limefungwa kwa Lukozi nzima, na Mama Dorkasi atabaki anatazama pale watu walipokuwa wamesimama. Akamfuata Hassani hadi wodini. Akavuliwa kanzu ya posa, akavishwa shuka la hospitali, akalazwa kati ya wagonjwa wawili wa kweli waliomtazama kwa wivu. Kule sokoni lori likaondoka bila yeye. Koliflawa alibaki nayo miguuni, hakuna aliyejua pa kuiweka.

Daktari alikuja na vyombo vyake shingoni. Akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akambinya tumbo, akamulika macho, akamgongagonga magoti. Kadiri alivyopima ndivyo uso ulivyomkunjamana. Mwishoni alimtaka ainue kitanda upande mmoja, na Athumani, ambaye tangu utoto hakujua kukataa kazi ya nguvu, akakiinua pamoja na jirani yake aliyekaa ukingoni.

"Mtu huyu hana ugonjwa," Daktari alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. "Hassani, umechanganya watu. Hapa kuna kikohozi cha mzee, macho ya kikongwe, minyoo ya mtoto, mguu wa kidonda. Hawa ni watu wengi. Umewatia bahasha moja."

"Bwana, ni mtu mmoja. Kila kitu kimelingana. Kidole hiki hapa."

"Basi Lukozi wanakata vidole wote! Ukikosea hii, umekosea na nyingine. Bahasha zote zifunguliwe, mtu mwingine aanze upya. Wewe kesho rudi kwenye kuosha chupa."

Hassani akaichukua ile bahasha kitandani. Alisimama wima, lakini koti jeupe ghafla lilionekana limemzidi ukubwa.

Athumani alikuwa amekaa kitandani, na bahati yake ilikuwa imekaa pembeni yake. Daktari mzima wa serikali ametangaza mbele ya mashahidi kwamba yeye hana ugonjwa. Kilichobaki ni kunyamaza, kuvaa kanzu, na kupeleka posa upya. Dawa za Lukozi zingeendelea, na Mwanamisi angekuwa wake. Gharama ingekuwa chupa tu, za kuoshwa na Hassani. Alianza hata kuitafuta kanzu yake kwa macho. Kisha akamtazama Hassani, akamwona anavyoikunjakunja ile bahasha kwa vidole vyake, mtu aliyefanya kazi yake bila kosa hata moja, na akaona kwamba asingeweza kula wali wa harusi mbele ya uso ule.

"Bwana Daktari, shikamoo," alisema. "Huyu hakukosea. Kadi zote mbili ni zangu. Mimi ndiye mtu. Magonjwa ndiyo siyo yangu."

"Magonjwa ya nani?"

"Ya Lukozi."

Akaeleza. Alipoona Daktari haelewi, akashuka kitandani akaonyesha. Alichechemea kwa Hezekia hadi mwisho wa wodi na kurudi. Akamtazama Daktari kwa macho ya Mama Dorkasi, Daktari akageuka kuangalia nani yuko nyuma yake. Kisha akakohoa, kikaanzia chini, kikapanda, kikasita, kikatoka na mluzi.

Hassani aliruka. "Kikohozi cha mshenga!" alipiga kelele. "Bwana, hicho nimekisikia sebuleni kwangu! Ni cha Yohane, kimetoka kizima!"

Wagonjwa wakaangua kicheko, mmoja akashika mshono wake akiomba asamehewe. Daktari hakucheka. Alikuwa amekwenda dirishani, na alipogeuka alikuwa mwekundu.

"Umekunywa dawa hizi zote?"

"Hata tone. Za watu hizo."

"Na kwa ajili yako mimi nimeandika kwamba Lukozi hakuna magonjwa."

"Yapo, bwana. Yapo mengi mazuri tu."

Daktari akavuta kiti, akamwamuru Hassani achukue kalamu. Kila ugonjwa, alisema, utarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe atafunguliwa kadi. Usio na mwenyewe utabaki kwa Athumani. Wakaanza. Kikohozi kikaenda kwa Yohane, mguu kwa Hezekia, macho kwa Mama Dorkasi, minyoo kwa watoto wa majirani, kila mmoja na fungu lake. Hassani alizidi kuchangamka. Kila mstari uliofutwa ulimsogeza shemeji karibu, na kalamu yake ilianza kucheza.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Mwanamisi, aliyekuwa na desturi ya kumletea kaka yake chakula, alifika mlangoni mwa wodi na kikapu, akasimama. Athumani alimwona. Hassani hakumwona, alikuwa ameinama kwenye karatasi.

"Umebaki mmoja tu," Hassani alisema. "Wa misheni. Halali, chakula hakishuki, mlango ukigongwa moyo unakimbia. Dawa ameirudia mara nyingi. Wa nani huu?"

Athumani akaanza kurekebisha shuka lake.

"Wa nani, ndugu? Taja, tumalize, twende tukale."

"Huo," Athumani alisema polepole, "ni wangu."

Kalamu ikasimama. "Usinitanie. Huu ni moyo."

"Ni wangu."

"Athumani!" Hassani alishusha sauti, na sasa alikuwa anamsihi. "Yote mengine ningekusamehe, hata hii michezo. Huu siwezi. Unajua siwezi. Sema ni wa mwingine, yeyote."

Athumani alitazama koliflawa yake miguuni mwa kitanda. Ilimuuma kweli. Maumivu yote aliyowahi kuyaigiza dirishani yalikuwa mchezo wa watoto mbele ya haya. Lakini alikuwa amesema hatamwambia mtu, na kaka mtu ni mtu.

"Wangu," alisema.

Kikapu kikawekwa chini sakafuni.

"Niandike mimi, kaka," Mwanamisi alisema.

Hassani aligeuka. Alimtazama dada yake, akaitazama kadi, akamtazama tena, na ilionekana wazi anavyorudi nyuma kimyakimya, siku baada ya siku, akitafuta ni wapi alipokuwa yeye wakati dada yake halali. Alikuwa palepale mjini, amevaa koti jeupe, anawauliza watu baki wamelalaje.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia, kaka."

"Na sasa?"

"Sasa nalala. Huyu aliniletea dawa." Mwanamisi akasita, kisha akaamua kwamba amekwisha kuvuka mto, hakuna haja ya kuogopa kulowa. "Na kama utamkataa kwa ugonjwa wangu mimi, nitaanza tena kukesha, na safari hii nitakuja kukesha mlangoni kwako."

Hassani akachukua kadi mpya. Akailaza juu ya goti. Akaandika jina la dada yake, la baba yao, na alipofika kwenye alama ya mwilini hakuuliza, kwa sababu kovu lile la pajini alilisababisha yeye mwenyewe wakiwa watoto. Kisha akaifuta kadi ya Athumani mstari wa mwisho, ikabaki tupu kama siku ilipochapwa. Daktari akasema mtu asiye na ugonjwa hapewi kadi, akaichana pamoja na mwenziwe.

Pini ile moja ya Lukozi ikang'olewa, zikachomwa nyingine nyingi mpaka karatasi ikatoboka, na Daktari akakaa kuwaandikia wakubwa wake upya, kazi ambayo hakuifurahia. Zahanati haikuja mwaka ule. Kilichokuja ni Hassani, kila siku ya soko, juu ya lori la mboga na sanduku la dawa magotini. Yohane alilalamika kwamba siku hizi anatakiwa kukohoa mwenyewe, na kwamba kwa kweli Athumani alikuwa anakikohoa vizuri zaidi.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno ya njegere. Lukozi yote ilikuwepo. Wanawake walipika nje, ukungu ulikuwa umeshuka, kuni zilikuwa mbichi, na moshi ukaingia moja kwa moja kwenye baraza alipokaa bwana harusi. Athumani akapaliwa. Akakohoa.

Baraza zima likageuka. Hassani, aliyekuwa ameshika sahani ya pilau, aliiweka chini taratibu.

"Hicho cha nani?" aliuliza.

Watu wakatazamana. Yohane akainua mikono kuonyesha kwamba yeye hayumo. Athumani alifungua mdomo, lakini kabla hajajibu, sauti ya bibi harusi ikatoka chumbani nyuma ya pazia.

"Hicho ni chake mwenyewe. Kiacheni, nitakishughulikia mimi."